APOL1: jeni iliyowakinga mababu na malale, leo ina kesi ya figo

#1 Fundi Darubini (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu bila lawama.

Dada yangu wa tumbo moja ameolewa na Mnigeria, mtu wa Ibadan, na wanaishi Texas mwaka wa kumi na moja sasa. Mdogo wake shemeji figo zimekufa, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Shemeji akajitolea figo moja. Ni mtu mzima wa afya, hana presha, hana sukari, kila Jumamosi yuko uwanjani anakimbizana na vijana. Kundi la damu likaoana. Moyo, mapafu, ini, vyote safi. Kreatinini yake, ile taka ya damu inayoonyesha kama figo zinachuja, ukiiona utaitamani. Akaambiwa kimebaki kipimo kimoja, cha jeni iitwayo APOL1, kwa kuwa asili yake ni Afrika Magharibi. Majibu yakarudi: G1/G1. Wakamkalisha chini, wakamwambia figo yake hawaichukui.

Dada akanipigia saa tisa usiku kwa saa za huku, analia. "Wewe si ndiye mtu wa maabara? Hebu niambie, mume wangu anaumwa nini?" Nikamjibu haumwi kitu. Akazidi kulia, maana kama haumwi, figo yake imekataliwa kwa nini? Usiku ule nilimweleza vibaya. Ngoja nijaribu tena hapa, mkinielewa ninyi na yeye atanielewa.

Hadithi yenyewe haianzii Texas, inaanzia porini kwetu. Mimi nimekulia Urambo. Babu alikuwa akisimulia jinsi Waingereza walivyowahamisha yeye akiwa mtoto, wakawatoa vijiji vya ndani ya miombo na kuwakusanya mahali pamoja palipofyekwa, ili wakae mbali na mbung'o. Na mimi kazi yangu ya kwanza maabara ilikuwa kumtafuta mdudu wa malale, ule ugonjwa wa kusinzia unaoletwa na mbung'o, kwenye tone la damu. Ukimpata akiwa hai humsahau. Kwanza humwoni yeye, unaona chembe nyekundu zinasukumwa huku na huku kama watu wanaopisha kichaa sokoni. Ukituliza jicho ndipo unamwona katikati, anajinyonganyonga kama mkia wa mjusi uliokatika.

Wafugaji wanaijua nagana. Mbung'o anamng'ata ng'ombe, mnyama anakonda mpaka unahesabu mbavu. Mmoja wa wadudu wanaoleta nagana, Trypanosoma brucei, mbung'o anatupatia na sisi, na hatuugui, kwa sababu damu ya binadamu inamuua. Ilijulikana miaka mingi kwamba damu yetu ina kitu cha kumuua, ila kitu chenyewe hakikujulikana vizuri mpaka 2003, watafiti wa Brussels walipokitaja: protini iitwayo APOL1. Ini ndilo linaimwaga kwenye damu, na humo husafiri ikiwa imepanda chembe za HDL, zile mnazoziita kolesteroli nzuri. Mdudu anaimeza kama chakula. Ikishafika tumboni mwake inatoboa tundu, chumvi zinaingia, maji yanafuata, anavimba mpaka anakufa.

Mdudu naye akatafuta dawa yake. Wapo ndugu wawili waliofanikiwa: gambiense wa Kongo na Afrika Magharibi, na rhodesiense wa huku kwetu, Tabora, Kigoma, Busoga, mpaka Malawi na Zambia. Rhodesiense ana protini yake, SRA, inayoidaka APOL1 na kuifunga mikono. Ndiyo maana huyo anatuua.

Halafu binadamu tukajibu tena. Miaka elfu kadhaa iliyopita, Afrika Magharibi, zikazaliwa namna mbili mpya za jeni hii. G1 imebadilishwa herufi mbili za DNA. G2 imepoteza herufi sita. SRA ikashindwa kuishika APOL1 sawasawa, hasa hiyo ya G2. Ukiwa na nakala moja tu, kwa mzazi mmoja, unapata kinga.

Ukipata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kama shemeji na G1/G1 yake, figo zako ziko kwenye hatari kubwa kuliko za wengine. Hilo lilitangazwa 2010. Wanaoijua selimundu (sickle cell) wameshaona mchezo ni ule ule: nakala moja inakinga malaria, mbili zinaleta ugonjwa.

Naenda kuwawekea watoto ugali. Maswali yaje.

#2 Kiti Cha Mbele

Nimeshakaa. Chai ipo.

#3 Mama Maandazi

Mleta uzi, mimi si msomi ila nimekufuata mpaka hapo. Swali langu: kama hiyo protini kazi yake ni kuua mdudu, figo imeikosea nini?

#4 Fundi Darubini

Mama, swali lako ndilo walilolihangaikia miaka yote hii.

Figo ina vichujio vidogo, karibu milioni moja kila upande. Kila kichujio kimekumbatiwa na seli zenye vidole vingi, zinaitwa podosaiti. Vidole vinapishana kama ukili kwenye mkeka, maji yanapita, protini inabaki. Sasa podosaiti nazo zinatengeneza APOL1 yao wenyewe, humo humo ndani. Ile ya kawaida haina fujo. Ya G1 au G2 ikizidi, inakaa kwenye utando wa seli iliyoizaa na kufanya kile kile ilichomfanyia mdudu: inafungua tundu, potasiamu inatoka, sodiamu inaingia, seli inaugua na kufa. Na podosaiti si kama ngozi ya kidole ukijikata na kisu. Ikifa, haina mtu wa kuziba pengo. Mkeka unatoboka, protini inavuja, ndipo unaona mkojo una povu lisilokufa hata ukimwaga maji.

Utajuaje ni ya ndani ya figo na siyo ile inayosafiri kwenye damu? Kwa waliopandikizwa. Figo kutoka kwa mwenye nakala mbili huwa inachoka mapema hata ikiwekwa kwenye mwili wa mtu asiye nazo. Kosa limesafiri na figo. Ndiyo maana wale wa Texas walimpima shemeji, maana angekuwa anampa mdogo wake figo yenye kasoro yake ndani, na yeye mwenyewe abaki na moja ya aina ile ile.

#5 Kijiwe Nambari Moja

Haya sasa. Jana walisema Mwafrika ana presha kwa asili, leo ana jeni mbovu ya figo, kesho wanatuletea dawa ya dola elfu kumi. Mnaingizwa mjini mchana kweupe. Figo zinaharibiwa na gongo na dawa za maumivu mnazomeza kama karanga.

#6 Fundi Darubini

Mkuu, la gongo na dawa za maumivu nakuunga mkono. Ila hilo lingine tulitazame polepole, maana una nusu ya haki.

Hawa watafiti waliwahi kumkamata asiyehusika. 2008 timu mbili za Marekani zilitangaza kwamba jeni inayowaharibia figo Wamarekani Weusi ni MYH9. Makala zikaandikwa, watu wakapongezana. Miaka miwili baadaye ikaonekana MYH9 ni jirani tu. Inakaa kromosomu ya 22, nyumba inayopakana na APOL1, na kwa kuwa hurithiwa pamoja, kila palipokuwa na kosa na yeye alionekana pale. Kosa lilikuwa la jirani. Kwa hiyo kushuku si dhambi, wao wenyewe walishukiana na ndiyo wakapata ukweli.

La pili: neno "Mwafrika" halikusaidii kitu hapa. G1 imejaa kwa Wayoruba na Waigbo, inapungua ukija mashariki, na Ethiopia ukipima hukuti karibu kitu. Mhabeshi na Mnigeria wote ni weusi kwa yule daktari wa Houston, ila kwa APOL1 hawafanani hata kidogo. Mpaka 2021 fomula ya kukadiria kazi ya figo kule Marekani ilikuwa na kizidisho cha rangi: wewe ni mweusi, majibu yako yanapandishwa. Wakakifuta. Kupima jeni yenyewe ni kinyume cha hiyo tabia, maana unamwangalia mtu badala ya ngozi yake.

La tatu, la dawa ya dola elfu kumi, hapo sikupingi.

#7 Nesi Zamu Ya Usiku

Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu, sitasema wapi. Kinachoniuma kwenye mada hii ni neno moja kwenye mafaili: "presha". Mtu anakuja uso umevimba, miguu ukibonyeza kidole kinaacha shimo, kreatinini imepanda hadi mashine inakataa kusoma, presha mia mbili na kitu. Tunaandika chanzo: presha. Lakini ana miaka ishirini na nane! Presha gani ya miaka ishirini na nane iliyoua figo zote mbili bila kugusa moyo? Hakuna aliyemchukua kinyama cha figo kupima, maana figo zimeshasinyaa na hakuna faida tena. Faili linafungwa. Saa nne kwenye mashine, nyumbani, keshokutwa tena.

Mleta uzi, huwa nawaza, ni presha iliyoua figo, au figo zilizokuwa zinakufa ndizo zilizopandisha presha?

#8 Fundi Darubini

Nesi, umegusa penyewe. Marekani waliwarudia wagonjwa wao weusi waliokuwa wameandikiwa miaka yote "figo zimeharibiwa na presha", wakapima jeni. Wengi kuliko ilivyotarajiwa walikuwa na nakala mbili za G1 au G2, na kuishusha presha yao vizuri hakukuzuia figo kuendelea kuchakaa. Presha kwa hao ilikuwa moshi, moto uko kwingine. Kwa hiyo ukisikia jeni inaitwa kiashiria cha ugonjwa, kazi yake ya kwanza ni hiyo: kumtoa mtu kwenye kapu la "presha" na kumpa jina sahihi la kinachomla. Ya pili ni kuwa shabaha ya dawa, yaani kitu ambacho dawa inakilenga.

Ila tahadhari kwa upande wetu wa bara. Kwa kuwa G1 na G2 ni chache huku, yule kijana wako wa miaka 28 inawezekana kabisa hana hata moja. Anaweza kuwa na kichocho cha muda mrefu, homa ya ini, VVU, au vichujio vilivyoshambuliwa na kinga yake mwenyewe. Tusihamie kutoka "ni presha" kwenda "ni jeni".

#9 Jogoo Wa Homa Bay

Mimi ni jirani wa bonde la Lambwe, kule Ruma. Nyanyangu alikuwa akisema enzi zao mtu akianza kusinzia kwenye baraza wanamtoa nje ya boma. Nafurahi kusema mgonjwa wa mwisho mwenyeji wa hapa Kenya alipatikana 2009, na mwezi wa nane 2025 Shirika la Afya Duniani lilituthibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya jamii tena. Sasa swali: kama malale inaisha, hii kinga tunaendelea kuibeba ya nini? Si itoke?

#10 Fundi Darubini

Hongereni majirani. Jeni haijui kwamba vita imeisha, mkuu. Inatoka polepole mno, vizazi na vizazi, na magonjwa ya figo mengi yanamkuta mtu ameshazaa. Waliopelekwa Marekani kwenye meli za utumwa hawajaona mbung'o kwa miaka mia mbili na zaidi, na bado kama 13 katika kila 100 ya wajukuu zao wana nakala mbili.

Kitu kingine kitakachokuchekesha: nyani ana APOL1 yake, na ya kwake ni kali kuliko yetu, inamuua hata rhodesiense bila kujali SRA. Sokwe mtu hana inayofanya kazi. Kwa hiyo yule nyani anayekuibia ndizi kwenye dirisha la basi la Mikumi, kwa malale amekuzidi.

#11 Mwana Wa Bukavu

Salamu toka Bukavu, ndugu zangu. Huku Kongo malale yetu ni ile ya gambiense, na ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi kuliko zote. Hiyo kinga ya G1 na G2 inatufaa na sisi, ao ni ya watu wa mashariki tu?

#12 Fundi Darubini

Ndugu, jibu linashangaza. 2017 ilitoka kazi iliyowapima watu wa Uganda na Guinea. Kwa rhodesiense, mwenye G2 alikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua, kama mara tano chini. Kwa gambiense, G2 ile ile ilionekana kwa waliozidiwa zaidi. Na G1 ilionekana kwa watu waliokuwa na dalili za kuambukizwa gambiense kwenye damu bila kuugua, wanatembea zao tu. Yaani nakala moja inakusaidia dhidi ya mdudu mmoja na kukuponza kwa mwingine. Na cha ajabu zaidi, G2 inayomzuia rhodesiense iko nyingi magharibi, ambako leo rhodesiense hayupo. Hapo wataalamu bado wanabishana na mimi sitajifanya hakimu.

#13 Wakili Wa Mambo

Mleta uzi, naomba utenganishe vitu viwili, naona unavichanganya. Unasema jeni ni kiashiria, tena unasema inaweza kuwa shabaha ya dawa. Moshi na moto si kitu kimoja, umesema mwenyewe. Thibitisha.

#14 Fundi Darubini

Wakili, ni kweli havifanani. Povu kwenye mkojo ni kiashiria, lakini hakuna anayetengeneza dawa ya kuua povu. Ili kitu kiwe shabaha ya dawa inabidi kiwe chenyewe ndicho kinachofanya uharibifu, uweze kukifikia, na ukikizima mwili usidhurike. APOL1 imebahatika kupita kote.

Uharibifu nimeueleza kwa Mama Maandazi. Suala la kuizima bila madhara ndilo tamu. Mwaka 2004 India, mkulima mmoja wa Maharashtra aliugua homa za kuja na kuondoka, damu yake ikakutwa imejaa Trypanosoma evansi, mdudu wa ngamia na ng'ombe ambaye kwa kawaida hamgusi binadamu. Wakamtibu kwa suramin, dawa ya malale, akapona. Walipomchunguza wakakuta hana APOL1 kabisa, nakala zote mbili zimevunjika. Baadaye wakatazama figo zake: nzima. Mtu mmoja wa kijijini, asiyejua lolote kuhusu mabishano haya, akawa ushahidi kwamba figo haihitaji APOL1 ili ifanye kazi. Ukiizima kwa dawa, kinachopotea ni kinga dhidi ya wadudu hao, na Texas hakuna mbung'o. (Urambo wapo. Mtu akija kuleta dawa hiyo huku, hilo swali ni la kuulizwa mapema.)

Ndipo wakatengeneza kidonge kinachoziba lile tundu. Kinaitwa inaxaplin, cha kampuni ya Vertex. Majibu ya mwanzo yalichapishwa Machi 2023: wagonjwa 16 wenye nakala mbili na makovu kwenye vichujio, wiki 13 za dawa. Kwa wale 13 waliomeza dawa kwa uaminifu, protini kwenye mkojo ilishuka kwa asilimia 47.6 kwa wastani. Kabla hujapiga vigelegele: watu kumi na sita ni abiria wa Hiace moja, hakukuwa na kundi la kulinganisha waliopewa kidonge kitupu, na protini kushuka si sawa na figo kupona. Jaribio kubwa lenye kundi la kulinganisha lilianzishwa 2022. Wengine wanajaribu njia ya kuzuia jeni isisomwe kabisa, na wengine kupunguza mchochota, ule mwako wa kinga ya mwili, unaoiamsha.

Kuhusu kiashiria kuna mtego mmoja watu wa maabara tunauona haraka. Ungedhani unaweza kupima kiwango cha protini ya APOL1 kwenye damu, ikiwa juu basi hatari. Haiko hivyo. Kiwango cha kwenye damu hakikuambii chochote cha maana kuhusu figo, kwa kuwa ile ya damu imetoka kwenye ini. Kinachopimwa ni jeni yenyewe: una sifuri, moja au mbili. Unapima mara moja tu maishani, haibadiliki uwe umekula au hujala.

#15 Kijiwe Nambari Moja

Sasa mwenye mbili ndiyo basi tena? Aandike wosia?

#16 Fundi Darubini

Hapana, na hapa ndipo dada yangu alipokwama. Wengi wenye nakala mbili hawaugui figo mpaka wanakufa. Kwa makadirio yanayotajwa sana, wanaougua ni kama mmoja kati ya watano. Inatakiwa kitu cha pili kiiamshe jeni. Mwili ukipigana na virusi unamwaga interferoni, kemikali ya kupiga kengele ya hatari, na interferoni ndiyo inayoziambia seli ziongeze APOL1. Kwa asiye na G1 wala G2 hakuna neno. Kwa mwenye mbili ni kama kumwongezea mafuta dereva mlevi. Wakati wa UVIKO waliletwa hospitali watu wa nakala mbili ambao figo zao ziliporomoka ndani ya siku chache.

#17 Sitaji Jina

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Umetaja virusi. Mimi naishi na VVU mwaka wa kumi na nne, natumia dawa kila siku, virusi havionekani kwenye kipimo. Hili linanihusu? Naomba jibu la kweli, si la kunipoza.

#18 Fundi Darubini

Asante kwa kuuliza, dada au kaka. Jibu la kweli.

VVU ndiyo kichocheo kikali kuliko vyote vinavyojulikana kwa jeni hii. Kwa ule ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU yenyewe, Marekani walikuta mwenye nakala mbili hatari yake ni mara 29 ya wengine, na Afrika Kusini ikawa mara 89. Namba za kutisha. Lakini zilitokana na watu ambao virusi vilikuwa vimewatawala. Ugonjwa huo wa figo ulipungua sana dawa zilipoanza kutolewa, kwa sababu unazima kichocheo. Wewe ambaye virusi havionekani umeshafanya jambo kubwa kuliko yote, na umelifanya miaka kumi na minne bila kuijua APOL1.

Baki ni moja: ukienda kliniki omba wapime mkojo kama una protini, na kreatinini, angalau mara moja kwa mwaka. Baadhi ya dawa za VVU nazo zinahitaji figo zichunguzwe, kwa hiyo si ombi la ajabu. Na usiache dawa kwa sababu ya uzi wa mtandaoni, hata huu.

#19 Sitaji Jina

Nimekuelewa. Nina kliniki Alhamisi, nitaomba.

#20 Dalali Wa Afya

Habari wakuu, napima DNA ya magonjwa yote 140 ya ukoo, figo, moyo, saratani, majibu wiki tatu, bei ya ofa mwezi huu. Njoo inbox.

#21 Mama Maandazi

Huyu tena! Baba mdogo wangu aliuziwa hicho kitu na kituo kimoja hapa mjini, kauza mbuzi wanne. Wakamletea kitabu cha rangi, kurasa sitini, kimeandikwa "hatari ya wastani" kila ukurasa. Kumbe presha yake hakuna hata mmoja aliyempima siku hiyo. Alikuja kupimwa na mtoto wangu anayesoma uuguzi, sebuleni: 190.

#22 Fundi Darubini

Dalali, ninakuuliza mbele ya watu: kati ya hayo 140, APOL1 imo? Na mtu akikutwa na mbili utampeleka wapi? Nasubiri.

Wengine mnisikilize. Kwa Mtanzania wa kawaida asiyetoa figo, sioni sababu ya kutafuta kipimo hiki leo. Ijaribu hii: kijiti cha mkojo. Si kipimo cha gharama kubwa. Unachovya, unasubiri dakika moja, unalinganisha rangi na zile za kwenye kopo. Njano maana yake hakuna protini. Ikienda kijani, na inavyozidi kuiva, kuna kinachovuja. Hakijui kama ni jeni, sukari au kichocho, ila kinajua mkeka umetoboka, na hiyo ndiyo habari unayoihitaji mapema kabla nesi wetu wa usiku hajakuona.

#23 Nesi Zamu Ya Usiku

Na mkojo wa asubuhi ndio mzuri. Na mwanamke aliye kwenye siku zake asubiri ziishe. Nawaambia kwa sababu huwa naletewa majibu ya hofu bure.

#24 Jogoo Wa Homa Bay

Shemeji amefikia wapi? Usitutoroke.

#25 Fundi Darubini

Mrejesho. Nimeongea na dada jana, safari hii mchana.

Shemeji mwenyewe amepimwa mkojo na presha, hana kitu, amepangiwa kurudi kila mwaka. Amerudi uwanjani Jumamosi, dada anasema amefunga goli la kichwa na akashangilia kama mtoto. Mgonjwa bado yuko kwenye mashine.

Ila ukoo ni mkubwa. Kuna dada yao mwingine, yuko Ibadan, naye amejitolea. Kapimwa: nakala moja. Zamani hapo wangesema poa, endelea, maana wote tulifundishwa kwamba moja haina neno. Halafu mwishoni mwa 2024 ukatoka utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria kwenyewe, watu 8,355. Ukaonyesha wenye nakala mbili wana uwezekano wa ugonjwa sugu wa figo uliozidi kwa asilimia 25, na wenye moja nao umezidi kwa asilimia 18. Angalieni: huko nyumbani kwao G1 na G2, kati ya waliopimwa asilimia 43 walikuwa na moja na karibu 30 walikuwa na mbili. Tofauti ya moja na mbili ni ndogo kuliko tulivyozoea kusoma kwenye vitabu vya Marekani. Ilibidi watu wa Afrika Magharibi wapimwe kwao ndipo hilo lionekane.

Kwa hiyo madaktari wamegawanyika. Mmoja anasema nakala moja inakubalika, dada huyo wa Ibadan ana miaka 51, kama figo zingeharibika zingeshaonyesha. Mwingine anataka asubiri. Dada wa Ibadan mwenyewe amewauliza swali moja tu: "Mdogo wangu ana muda gani?" Hawajamjibu. Wanakutana naye tena kwa simu Jumanne, saa kumi jioni za Ibadan.

Jumanne usiku nitakuwa hapa.